Maji ya Udhu

Ramadhani ya mwaka 2019 ilianza mwanzoni mwa Mei, na kwa Dodoma ukishataja Mei umeshataja ukame. Mvua zetu huja Desemba, zikijikaza hufika Aprili, halafu mbingu inafungwa kama duka la mtu aliyehama. Mwaka ule mji nao ulikuwa umefura. Watumishi wa serikali walikuwa wakimiminika tangu ile amri ya kuhamia ya 2016, Mji wa Serikali wa Mtumba ulikuwa umezinduliwa Aprili hiyohiyo, vyumba vya kupanga vilikuwa vimepanda bei hadi vya uani, na visima vya Mzakwe ni vilevile tulivyovizoea. Kwa hiyo mgao. Kwetu Nkuhungu maji yalikuja usiku mkubwa, na siku nyingine hayakuja kabisa.

Mimi nilikuwa na simtanki la lita elfu moja, limekaa juu ya mnara wa matofali niliousimamia mwenyewe ukijengwa. Mtaani si wengi waliokuwa nalo. Usiku maji yakitoka nilikuwa naamka kama mtu anayeamshwa kula daku, nasimama uani na kandambili, nasikiliza tangi linavyobadilisha sauti kadiri linavyojaa. Wenye matangi wataijua raha hiyo.

Alasiri moja, bado tuko kwenye kumi la kwanza, akaja jirani yangu na ndoo yake tupu. Ni mama wa Kigogo, mtu mzima, analea wajukuu, Mwanglikana wa kuwahi ibada ya kwanza. Nilikuwa nimekaa kibarazani na msahafu. Akasalimia, akasema, "Ustadhi, naomba nichote ndoo moja tu. Yakitoka nitarudisha."

Nikamwambia, "Mama, maji haya ni ya udhu. Si unajua tupo kwenye mfungo."

Akasema, "Haya, baba." Akaondoka na ndoo yake kuelekea barabarani kwa vijana wa toroli wanaouza madumu.

Basi. Hakukuwa na ugomvi, sauti haikupanda, na mimi nilirudi kwenye msahafu wangu pale nilipoishia. Jioni nikafuturu kwa tende na uji wa uwele, nikawaswalisha watoto Magharibi, na kwa kuwa tumbo lilikuwa linadai chakula nikasoma sura fupi. Nakumbuka mojawapo ilikuwa Al-Maun, kwa sababu mwanangu wa mwisho alikuwa anajifunza kuisoma na nilitaka aisikie vizuri. Nikaisoma yote, aya saba, kwa tajwidi, yaani kwa kanuni zote za usomaji. Hakuna kilichonichoma. Nasema hivyo makusudi, maana visa vya namna hii hupenda kusimuliwa kana kwamba mtu alipigwa na radi palepale. Mimi sikupigwa na kitu. Nilitoa salamu, nikala, nikaenda tarawehe.

Jina la ustadhi nilipewa na mtaa. Sijasoma kufikia huko, mimi ni mfanyabiashara wa alizeti na mafuta yake. Lakini nilikuwa na kanzu, ndevu, suruali iliyokatwa juu ya kifundo, na kwenye paji la uso nilikuwa na sijida, ile alama inayoachwa na kusujudu. Hii sijida ngoja niiseme vizuri, kwa sababu ndiyo inayonitia aibu kuliko yote. Ilianza yenyewe, kwa mkeka wa ukindu. Baadaye nikawa naijua. Kuna siku kwa kinyozi nilijikuta naitazama kwenye kioo kwa jicho la mkulima anayetazama mche wake kama umeshika. Na nikisujudu, kuna wakati nilikandamiza paji kidogo zaidi ya inavyohitajika. Nadhani wapo watakaosoma hapa na kujipapasa.

Kuna aya kwenye Suratul Fat-h, ya 29, inayosema kuhusu masahaba kwamba alama zao zimo nyusoni mwao kwa athari ya kusujudu. Sisi wenye sijida tunaipenda aya hiyo. Lakini Mujahid, yule mwanafunzi wa Ibn Abbas, alisema alama inayotajwa hapo ni unyenyekevu. Akaambiwa, sisi tulidhani ni hii alama ya usoni. Akajibu kwamba alama hiyo huenda ikawa katikati ya macho ya mtu mwenye moyo mgumu kuliko wa Firauni. Maneno hayo yamo kwenye tafsiri ya Ibn Kathir, na nilipokutana nayo mara ya kwanza niliyapita haraka.

Mwaka 2022 ndipo ndoo ile iliporudi. Ilikuwa darsa ya kawaida kati ya Magharibi na Isha, msikiti wa mtaani, watu kama kumi na wawili, wawili wao wanasinzia. Mwalimu alikuwa anatupitisha juzuu Amma, ile ya mwisho ya Kurani, sura kwa sura. Tulipofika Al-Maun akatufasiria kama tulivyozoea: je, umemwona anayekadhibisha malipo, huyo ndiye anayemsukuma yatima, wala hahimizi kulishwa masikini, basi ole wao wanaoswali, ambao wanapuuza swala zao, ambao wanafanya ria, yaani kujionyesha, na wanazuia maun. Hapo akasimama. Akauliza, maun ni nini?

Mmoja akasema msaada. Mwingine akasema zaka, na mwalimu akasema ni kweli, wapo masahaba waliofasiri hivyo. Kisha akatusomea kauli ya sahaba Ibn Masud iliyomo katika mkusanyiko wa hadithi wa Abu Daud, kwamba zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, wao walikuwa wakihesabu maun kuwa ni kuazimana ndoo na chungu. Ndoo ile ya kutekea kisimani, na chungu cha kupikia. "Na wapo," akaongeza akifunika kitabu, "waliosema maun ni maji yenyewe."

Nilikuwa nimeegemea nguzo. Sikulia wala sikutetemeka. Nilianza kuhesabu tu, kama ninavyofanya nikipewa mzigo wa alizeti usio na risiti: sura hii nimeisoma tangu nina miaka sita au saba. Tuseme mara moja kwa siku, nikipunguza sana. Ni maelfu kwa maelfu ya mara nimesimama mbele ya Mola wangu nikamsomea kwa sauti nzuri habari za mtu anayeswali na kunyima ndoo.

Tulipotoka nikafanya hesabu nyingine. Imepokewa na sahaba Anas, katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji. Mudi haifiki lita. Tangi langu siku ile lilikuwa nusu. Nusu ya lita elfu moja ni udhu zaidi ya mia tano. Nyumbani tuko watano, swala tano, udhu ishirini na tano kwa siku hata kama hakuna anayebaki na udhu wake. Nilikuwa na udhu wa siku ishirini juu ya mnara, na mama aliniomba lita ishirini.

Mtu akinisikia hapa anaweza kusema, unaona, ndio maana sisi tunasema dini iko moyoni, haya ya udhu na kanzu ni mapambo. Nina shemeji anayesema hivyohivyo. Huyu ni mtu mwema kweli, mkarimu kunizidi, na bia yake ya jioni anakunywa bila kujificha. Miaka mingi tumebishana. Yeye silaha yake ni moja: "Mungu haangalii sura zenu, anaangalia nyoyo." Nami nilikuwa na furaha ya pekee kumjibu, kwa sababu anaikata. Hadithi hiyo, kwa mapokezi ya Muslim kutoka kwa Abu Huraira, inasema Mwenyezi Mungu haangalii sura zenu wala mali zenu, bali anaangalia nyoyo zenu na vitendo vyenu. "Na vitendo vyenu, shemeji. Mbona unashukia njiani?" Watu wakacheka, naye akacheka, nikaondoka mshindi. Ilinichukua muda kukiri kwamba mwenzangu alikuwa anaacha kipande cha mwisho na mimi nilikuwa naacha cha kabla yake.

Lakini katika suala lenyewe bado sikubaliani na shemeji, na ndoo ya jirani haikunifanya nikubaliane naye. Ilinifanya nikumbuke chuo.

Nimesomea chuo Kondoa, kwa Warangi wenzangu, mahali ambapo maulidi na hitima ni sehemu ya mwaka kama kupanda na kuvuna. Chuo kilikuwa banda la udongo, ubao, na mwalimu mwenye fimbo ndefu inayofika safu ya tatu. Huko ndiko nilikofundishwa kuitamka nia. Ukisimama kuswali Adhuhuri unasema, usalli fardha dhuhri arbaa rakaatin, mpaka mwisho, ndipo unahirimia, unatoa takbira ya kuanza. Tulikuwa tunazipiga nia hizo kama tunashindana. Kuna siku imamu alikuwa ameshafika rukuu na mimi bado namwarifu Mwenyezi Mungu ni swala gani na ni rakaa ngapi. Wazee wengine waliingiwa na wasiwasi wa nia kiasi kwamba takbira ya kwanza wanairudia mara nne, tano: Allahu, Allahu, Allahu akb... Allahu akbar. Wanahofia moyo haukuwepo ulimi ulipopita.

Nilipohamia Dodoma mjini vijana wa msikiti fulani wakanikalisha chini: ndugu yetu, kutamka nia ni bidaa, uzushi katika dini, nia mahali pake ni moyoni, Mtume hakuitamka. Na mahali pake kweli ni moyoni. Hilo hata mafakihi wa Kishafii, wanasheria wa madhehebu tuliyolelewa nayo, wanalisema, ila wao wakaona ulimi uusaidie moyo. Nikaacha kutamka. Kwa miezi kadhaa nikajiona nimekuwa mtu wa ndani zaidi. Kisha nikagundua kuwa sasa nasimama, nasema Allahu akbar, na moyo hauna chochote: siku nyingine nilijikuta rakaa ya pili sina hakika kama ni Adhuhuri au Alasiri, nawaza bei ya mashudu. Ile fomula ya chuoni, pamoja na upuuzi wa kukimbizana nayo, ilikuwa inaniburuta kwa shati mpaka mlangoni. Simlaumu yeyote kati ya makundi yale mawili. Nasema tu kwamba niliwasikiliza wote wawili wakigombea moyo na ulimi, na wangu haukuwepo kikaoni.

Sasa, katika chuo hichohicho tulihifadhi Safinatun-Najaa, kile kitabu kidogo cha fiqhi ambacho watoto wengi wa Kishafii wa nchi hizi huanza nacho. Tuliimba milango yake bila kujua maana, maana ilikuja baadaye. Na usiku ule wa darsa, nikitembea kurudi nyumbani, wimbo mmoja ukanijia wenyewe. Asbabut-tayamumi thalatha. Sababu za kutayamamu ni tatu: kukosa maji, maradhi, na ya tatu, kuyahitaji maji kwa ajili ya kiu ya hayawani muhtaram. Hayawani ni kila chenye uhai, na muhtaram ni yule ambaye uhai wake unalindwa na sheria. Yaani una maji ya udhu mkononi, wakati wa swala umeingia, na mbele yako yuko mbuzi wa watu anataka kufa kwa kiu: sheria inakuambia mpe maji, wewe piga mikono kwenye vumbi uswali. Na vumbi ndicho kitu ambacho Dodoma hatujawahi kuwa na mgao wake.

Nilisimama barabarani. Nina miaka kumi na moja nilikuwa najua, kwa mahadhi, kwamba maji ya udhu yanasogea pembeni kumpisha mnyama. Na nina miaka arobaini na kitu nikamwambia bibi wa watu maji haya ni ya udhu. Sikumuuliza hata kama ni ya kunywa au ya kufulia.

Hapo ndipo ninapoachana na wale wanaosema sheria ya nje ndiyo inayoua moyo. Sheria ya nje, siku ile, ilikuwa upande wa yule mama. Ilikuwa imeshatoa hukumu karne nyingi kabla tangi halijabuniwa. Mimi nilikuwa nimeichukua nikaifanya pazia, na pazia lenyewe, ungelikunjua ukalisoma, lilikuwa limeandikwa jina langu.

Wenye elimu wamelijadili jambo hili kwa vitabu vya kubeba na mkokoteni. Wapo Khawariji waliosema mwenye kutenda dhambi kubwa ameshatoka kwenye imani. Wapo Murjia waliokwenda upande wa pili, wakasema amali haina uhusiano na imani. Shafii na wengi wa watu wa hadithi wakasema imani ni kauli na vitendo, inazidi na kupungua. Abu Hanifa yeye hakuziingiza amali ndani ya maana yenyewe ya imani, ingawa hakuzidharau. Sitaingia huko, na nikiingia sitatoka. Kinachonishika ni aya moja na kitenzi chake.

Suratul Hujurat, aya ya 14. Mabedui walisema, tumeamini. Mtume akaamrishwa awaambie: hamkuamini, lakini semeni tumesilimu, na imani haijaingia katika nyoyo zenu. Wafasiri wanataja kuwa hawa walikuwa Banu Asad, waliofika Madina katika mwaka wa ukame, wakapandisha bei za sokoni, huku wakimsimbulia Mtume kwamba wao wamekuja kwa hiari yao bila kupigana naye kama wengine. Watu wa ukame hao. Njaa iliwaleta, shahada wakaisema, na wakataka ihesabiwe kama fadhila.

Kiarabu katika aya hiyo kimetumia vikanushi viwili. Cha kwanza ni lam: hamkuamini. Cha pili ni lamma, ambacho wanasarufi husema kinabeba tarajio ndani yake, jambo halijatokea ila linangojewa. Mwalimu wetu alipata taabu kutueleza, akachora ubaoni, akafuta. Nilitaka kumwambia, sheikh, mbona sisi tunacho. Kiswahili kina "haikuingia" na kina "haijaingia". Ukiambiwa mgeni hakufika, mnakula, mnaosha vyombo, mnalala. Ukiambiwa mgeni hajafika, chakula kinafunikwa na kawa, na taa ya barazani inaachwa inawaka.

Mabedui wale hawakufukuzwa Madina. Hawakuambiwa acheni basi kuswali mpaka mioyo yenu iwe tayari. Aya inaendelea kusema, na mkimtii Mwenyezi Mungu na Mtume wake, hatawapunguzia chochote katika vitendo vyenu. Vitendo vya mtu ambaye imani haijaingia moyoni mwake, havipunguzwi. Nimeikalia aya hii muda mrefu. Mimi niliyesoma Al-Maun kwa tajwidi huku ndoo tupu ikienda barabarani, naona nafasi yangu ni humo, kwenye hiyo "ja".

Na kwa wengine? Hapo zamani nilikuwa hodari. Ningeweza kukuambia nani mtaani anaswali kwa ajili ya uchaguzi wa kamati ya msikiti na nani amefuga ndevu kwa sababu ya mkwe. Kuna kisa cha Usama bin Zaid, amekisimulia mwenyewe, na Bukhari na Muslim wote wawili wamekipokea. Vitani alimkuta mtu, yule mtu akasema la ilaha illallah, Usama akamuua. Akajitetea kwa Mtume kwamba alisema kwa kuogopa silaha tu. Akaulizwa, katika mapokezi ya Muslim, je, ulimpasua moyo wake ukajua? Swali likarudiwa hadi Usama akatamani angekuwa amesilimu siku ile tu. Kwa hiyo yale ya nje ya mwenzangu nikiyaona ni lazima yanitoshe, na yangu mimi hayanitoshi. Ni biashara ya mizani miwili, na ni halali. Mimi nilikuwa nimeigeuza.

Huwa nafarijika kidogo na Ghazali. Huyu alikuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamiya, Baghdad, tangu 1091, wanafunzi kwa mamia. Mwaka 1095 ulimi wake ukakwama, hawezi kufundisha, chakula hakipiti, waganga wakasema maradhi yametoka moyoni. Mwenyewe ameandika kwamba aliikagua nia yake katika kufundisha, akaikuta si kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, ni kutafuta cheo na sifa. Akauacha mji. Na hata kuondoka kwenyewe aliwaambia watu anakwenda Makka ilhali moyoni ni Sham, nchi ya Shamu. Kipande hicho ndicho ninachokipenda. Hata siku mtu anapokimbia kujionyesha, inabidi atunge la kuonyesha.

Sasa nirudi kwa jirani, maana hili nimelikwepa vya kutosha.

Nilichelewa. Baada ya darsa ile ulipita mwaka na zaidi. Kila nikitaka kwenda nilijiuliza nitaanzaje, na kila nikitunga la kuanzia naliona limekaa vizuri mno, kama hotuba. Nikaogopa kwamba nataka kuonekana mtu anayeomba msamaha. Mwishowe nilikwenda siku ya Jumapili mchana, bila kanzu. Kuiacha kanzu nako kulikuwa na walakini wake, nilijiona nikiiacha.

Alikuwa chini ya mwarobaini anachambua mlenda. "Mbukwenyi," nikamwamkia kwa Kigogo changu cha sokoni. Akaitikia, akanisogezea kigoda. Tukaongea mvua, tukaongea bei ya alizeti, mjukuu wake mmoja kamaliza kidato cha nne. Kisha nikamwambia. Nikamkumbusha Ramadhani ile, ndoo, maneno niliyosema. Nikamwomba anisamehe.

Alinitazama kwa muda, mikono imesimama. "Ndoo gani, baba?"

Nikaeleza tena, pamoja na rangi ya ndoo. Akatikisa kichwa. "Hilo silikumbuki. Siku zile nilikuwa naomba maji kila nyumba, wewe ulininyima, mwingine alinipa, nitakumbuka wangapi?" Akaendelea na mlenda wake. Nilikuwa karibu kushusha pumzi. Akasema, bila kuinua uso, "Mimi la kwako ninalolikumbuka ni la msiba."

Mdogo wake alifariki miaka kadhaa iliyopita, na msiba uliwekwa hapohapo nyumbani kwake. Nilikwenda. Nilitoa rambirambi, nilishika jeneza, nilisimama makaburini hadi mwisho. Katika daftari langu la mambo mema, msiba ule ulikuwa ukurasa wa mbele. Nilimkumbusha hayo.

"Ulikuja, sikatai. Ukakaa ng'ambo ya barabara na wenzio wawili. Chakula kikaletwa, ukakirudisha. Nikamtuma mtoto tena, akarudi nacho."

Nikasema, "Mama, unajua sisi kwenye nyama, kuna utaratibu wa kuchinja..."

"Yalikuwa maharage," akasema. "Ustadhi, maharage hayachinjwi."

Sikuwa na la kujibu, na sikuwa na aya. Nilijaribu kuikumbuka siku ile na nilichokumbuka ni kwamba nilirudi nyumbani nikiwa nimeridhika, nikamwambia mke wangu kwamba tumehudhuria na tumejilinda.

Akacheka kidogo, si kwa ubaya. Akauliza kama nina chumvi nyumbani, ya kwake imeisha na duka la karibu limefungwa. Nikasema ipo, nitamtuma mtoto. Akasema si mbali, ungeileta mwenyewe. Nikasema nitaileta.

Tukiwa hapo adhana ya Alasiri ikaanza, kwanza msikiti wetu, kisha ile ya mbali kidogo inayochelewa kila siku. Mama akainua mkono wenye majani kuelekea upande wa sauti.

"Nenda, baba. Unaitwa."

Nikainuka. Udhu sikuwa nao, nikapitia kwanza nyumbani.